Vigelegele Chini ya Tanzia

Nizwa, 20 Januari 2024

Wifi yangu Bimdogo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima pale Ibra, wewe na Yazeed na wote wa nyumbani.

Utashangaa kuona mwandiko wangu badala ya sauti yangu. Simu nimempa Khulood aifungie kabatini mwake. Mwanangu ananiambia, "Mama, dunia nzima inakutafuta humo." Nikamwambia dunia ije mlangoni, kahawa ipo. Siwezi kuishika simu, wifi. Barua hii ataileta Hud, jirani yetu, yule anayechukua vyungu Bahla na kuvipeleka soko la Ibra. Mpe yeye jibu, kama utapenda kunijibu.

Nimekuja kukuomba radhi. Najua ulisikia, maana wote walisikia.

Ijumaa ile nilikuwa Sur kwenye harusi ya binti wa dada yangu, na Hamdun alikuwa kwako, amekuja kwa ajili ya mazungumzo yake na wanafunzi wa chuo. Asubuhi alinipigia. "Wakimtoa bibi harusi," akaniambia, "nipigie kigelegele kimoja nisikie kama umejifunza." Unaujua utani wake. Miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akinicheka kwamba sisi wa Tabora hatujui kupiga vigelegele, na kwamba changu hukatika katikati kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Basi walipomtoa bibi harusi nikashika simu, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Nikamtumia yeye, kisha nikatuma na kwenye kundi la ukoo ili mcheke wote.

Sikusoma kilichoandikwa juu. Wallahi sikusoma. Yazeed alikuwa ameshaweka tanzia pale: marhumu Hamdun, mazishi leo kabla ya magharibi, walio mbali wafanye haraka. Na chini ya tanzia ya mume wangu, sauti ya kwanza kabisa ni mimi, nashangilia.

Aliyeninyang'anya simu ni mama yake bwana harusi. Alidhani nimerukwa na akili.

Njiani kuja Ibra nilikupigia wewe, nikampigia Yazeed, nikampigia hata Hamdun mwenyewe, maana akili haikuwa yangu. Hakuna aliyepokea. Nikajua mmeghadhibika. Nilipofika mlikuwa mmeshamwosha. Ulinikumbatia, wifi, lakini hukunitazama usoni, siku ile wala zile siku za azza, watu wakija kutoa pole.

Tena kuna jambo la mikono yangu. Niliondoka harusini na hina hadi viwikoni. Nimeingia eda na hina. Wanawake wakija kunipa pole nageuza viganja chini, au naviingiza ndani ya shela. Khulood amesugua kwa ndimu na chumvi, haikutoka. Ni hina nzuri sana, na huo ndio ubaya wake.

Mwisho, chuo wameniletea salamu. Wanauliza kama yale mazungumzo ya Hamdun yanaweza kusomwa na mtu mwingine baada ya Idi. Karatasi ziko hapa. Nifanye nini? Wewe ndiye mkubwa.

Wifi yako,
Ghanima


Ibra, 27 Januari 2024

Kwa Ghanima,

Marahaba. Hud amefika na barua yako, na katika vyungu vyake kimoja kimevunjika, basi amenisimulia khabari ya hicho kimoja asubuhi nzima.

Sisi wazima. Subira, mwanamke mwenzangu. Hayo ya harusi usiyarudie. Yameshapita.

Karatasi uzinakili vizuri, uzilete. Yazeed atasoma. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini atasoma. Jambo moja tu: ule ukurasa wa bibi yetu, Bi Hamda, uutoe. Aseme ya serikali, ya waya na ya upepo, inatosha. Mambo ya bibi yetu si ya kuwekwa mbele ya watoto wa watu.

Nimekutumia tende, na kitambaa cheupe kisichokuwa na ua hata moja, kwa ajili ya eda.

Bimdogo


Nizwa, 9 Februari 2024

Wifi yangu Bimdogo,

Shikamoo. Tende zimefika, ahsante. Kitambaa nimeshakishona. Kiko kizuri, kama kitu cha hospitali.

Nimenakili karatasi za Hamdun nusu yake. Mwandiko wake ni wa mtu aliyezoea kuandika akiwa juu ya nguzo. Unakumbuka alipokuwa akifunga simu Tiwi na vijiji vya juu, akirudi ananionyesha vipande vya karatasi, hata yeye mwenyewe hawezi kuvisoma? Nikamwambia, hiyo si barua, huo ni waya uliokatika. Alicheka mpaka akakaa chini. Vitu kama hivyo vinanijia nikinakili. Naandika mstari, nangoja, naandika mstari.

Mimi elimu yangu unaijua, nilifika darasa la saba. Nilidhani sitafahamu kitu, lakini amewaandikia vijana, kwa hiyo nami nimefahamu. Anasema Unguja ya wazee wenu kulikuwa na njia mbili za habari. Moja ni waya uliolazwa chini ya bahari, mali ya kampuni ya Kiingereza yenye mkataba na serikali. Nyingine ni simu ya upepo, mlingoti wa serikali yenyewe, uliozungumza na Pemba na meli zilizo njiani. Wafanyabiashara wakauliza, ikiwa upepo unafika melini bila waya, kwa nini usichukue na maneno yetu ya nje, kwa bei ya mtu wa kawaida? Wakajibiwa kwamba upepo ni wa kazi za serikali, na wa mahali waya usipofika. Palipo na waya pasiletwe kitu cha kuidhuru kampuni. Anasema hiyo ndiyo ilikuwa siasa yao katika makoloni mengi, wala haikutokana na ubaya wa karani mmoja. Watu wenye akili walikaa mezani wakaona ni haki kabisa.

Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Basi Ibra je? Waya haufiki, na upepo haukuletwa. Wangesema Ibra si yao. Lakini waliotoka Ibra walikuwa watu wao siku ya kulipa kodi."

Halafu unakuja ule ukurasa. Wifi, miaka yote nimesikia wanawake wa ukoo wakinong'ona "Mjane wa Hina," nikadhani ni jina la jini. Sikujua kuwa ni bibi yenu. Hamdun hakuwahi kunieleza, nami sikuuliza.

Kumbe ni kwamba mumewe alifia Unguja kwa homa, naye Bi Hamda yuko Ibra na mtoto. Ndugu wa marehemu wakapeleka simu kwa waya. Ikafika Maskati upesi sana, pengine kabla udongo haujakauka. Kisha ikalala dukani kwa tajiri mmoja, ikingoja mtu anayekuja huko kwenu Sharqiyah na ngamia. Hakupatikana, kisha akapatikana akaumwa njiani. Ilipofika Ibra, eda yake yote ilikuwa imeshapita, maana eda huhesabiwa tangu kufa, si tangu kupata habari. Na katika miezi hiyohiyo Bi Hamda alikuwa amecheza harusi ya mtoto wa dada yake, mikono imejaa hina. Wanawake wakakaa wakahesabu. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Hamdun ameandika hivi: "Bibi yangu hakumkosea mtu. Waya nao haukumkosea mtu. Aliyekosa ni yule aliyekaa juu ya waya akaamua khabari ipi ipite na ipi ingoje."

Sasa unaniambia niutoe. Nimefikiri sana. Naona umeniona mimi ndani yake, na hutaki watu wamtaje bibi halafu wanitaje na mimi. Kama ni hivyo, nitautoa. Lakini niambie wazi.

Kuna jambo jingine. Juzi Khulood alihitaji namba ya mtu, akafungua simu yangu mbele yangu. Ile sauti niliyomtumia Hamdun, si ya kundi, ile ya kwake mwenyewe, ina alama ya kusikilizwa. Mtu aliifungua kwenye simu yake. Wifi, nani alishika simu ya mume wangu naye amelala mauti? Alikuwa anatafuta nini? Kama mlicheka, mlicheka. Nataka tu kujua.

Ghanima


Ibra, 17 Februari 2024

Ghanima,

Simu ya marhumu iko sandukuni, haijaguswa na mtu. Alama hizo hukosea, wanangu wenyewe wanasema hivyo. Usijitie wasiwasi katika eda yako, ni mwanzo wa maradhi.

Ukurasa uutoe. Si kwa ajili yako.

Bimdogo


Nizwa, 23 Februari 2024

Wifi yangu,

Hamdun amefanya kazi ya simu tangu ujana mpaka mvi. Nilimuuliza mara moja kuhusu alama ile, kwa sababu Khulood alikuwa ananidanganya kwamba hajasikiliza sauti zangu. Akaniambia, "Hiyo haiwaki mpaka mtu aguse." Basi mtu aligusa.

Wewe ndiye uliyenipokea nilipokuja Oman na sanduku la bati. Ulinifundisha kukaanga kahawa, ukaniambia mbele ya wanawake wote kwamba mkate wangu wa kumimina unafaa kuzibia ukuta, kisha jioni ukanifundisha kuupika. Sijawahi kukuogopa. Sasa nakuogopa, na sijui nimekukosea nini zaidi ya kile nilichokwisha kuomba radhi.

Nataka kujua kama mimi bado ni mtu wa nyumba yenu. Kama si hivyo, niambie, nisingoje.

Ghanima


Ibra, 28 Februari 2024

Mama Ghanima,

Shikamoo. Mimi Yazeed. Kiswahili changu ni cha kusikia tu, unisamehe.

Mama hajui kama naandika. Barua yako niliikuta kwenye mswala wake. Yeye halali vizuri na hali chakula.

Simu ya mjomba hatukuigusa sisi. Aligusa mjomba mwenyewe.

Mimi ndiye niliandika tanzia. Zaidi siwezi. Ni yeye mama akuambie.

Yazeed


Ibra, 8 Machi 2024

Wifi yangu Ghanima,

Yazeed ameniambia alichokufanyia, na nikamwambia amefanya vyema, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango. Ramadhani hiyo inaingia. Sitaki kuingia nayo na jambo hili. Soma ukiwa umekaa.

Ijumaa ile baada ya chakula Hamdun alikuwa kwenye zulia, anatuonyesha karatasi zake na kumsomea Yazeed khabari za waya. Mara akanyamaza. Nikadhani anatafuta ukurasa. Akalala upande. Nikamshika, simsikii pumzi, mkono wake baridi, mapigo hayapo. Mimi nimeosha maiti wengi, wifi, wanawake wa mtaa huu wote huniita mimi. Nikasema huyu amekwenda. Nikamfumba macho kwa mkono wangu, nikasema innalillahi.

Na unajua mambo yetu. Ijumaa, jua la baridi halikai, watu wako Nizwa, wako Sur, wako Maskati, lazima wawahi mazishi. Nikamwambia Yazeed, "Andika upesi watu waanze safari." Akauliza, "Mama, tungoje gari la spitali?" Nikamwambia, "Unamngojea nani? Mimi sijui maiti?" Akaandika.

Nilimsahau mkewe. Wallahi, nilifikiri watu wa Sur, sikufikiri wewe. Ilitakiwa nikupigie wewe kwanza, kwa sauti yangu, kabla ya kundi.

Simu ya Yazeed ikaanza kulia, pole na pole. Halafu ikaingia sauti. Yazeed akadhani ni mtu analia, akaigusa. Ndipo vigelegele vyako vikaingia chumbani kwangu, Ghanima. Vikubwa. Na palepale katikati vikakatika.

Hamdun akafumbua macho.

Sisemi kwamba vilimfufua. Hakuwa amekufa. Mimi ndiye niliyekosea, mimi niliyeosha maiti wengi. Akatutazama kama mtu aliyeamshwa. Akasema, "Nipe simu yangu." Yazeed akamwekea mkononi. Akaitafuta mwenyewe, kwa kidole chake, akasikiliza ile uliyomtumia yeye. Akacheka, cheko dogo. Akasema, "Mafuta yameisha tena." Sikufahamu maana yake mpaka niliposoma barua yako ya kwanza, ile ya pikipiki, nikaanguka kilio jikoni.

Nikamwambia, "Tumwite Ghanima?" Akasema, "Mwache amalize harusi."

Hilo alisema, nakuapia. Lakini usinihesabie. Alisema vile kwa sababu hakujua kilichoandikwa. Alidhani umo furahani. Mimi nilijua kwamba wakati ule ule umeshanyang'anywa furaha, uko njiani unalia. Simu yangu ikalia, nikaona jina lako. Ikalia ya Yazeed, jina lako. Ikalia ile iliyo kwenye kifua cha Hamdun, naye ameshafumba macho, amechoka. Nikaizima mwenyewe.

Kwa nini? Nimejiuliza kila sijda. Ningekuambia nini? Kwamba yu hai? Na mia mbili wa ukoo wameshasoma amekufa, na watu wameshatoka majumbani? Nikaona aibu, Ghanima. Aibu ya kuwa Bimdogo, binti wa watu, aliyemtangaza ndugu yake angali anapumua. Nikasema moyoni, angoje kidogo, apate nafuu, kisha tutacheka wote. Gari la spitali likaja. Walipomtia ndani akasema "Bimdogo," tu, jina langu, kama anataka maji. Hakufika spitali.

Basi tangazo likabaki palepale lilipo. Lilikuwa linamngoja, naye akalifikia. Hakuna aliyejua zaidi yangu na Yazeed, na wale wa gari ambao si wa ukoo. Ukaja, ukaniomba radhi mimi! Mlangoni, umeficha mikono. Ningekutazama kwa macho gani?

Ulikuwa njiani kutoka Sur, na simu mkononi. Ungeweza kumsikia. Ungeweza kumwambia kitu. Hakuna bahari katikati, hakuna ngamia. Ni mimi tu.

Ndiyo sababu ya ukurasa. Tuliporudi kutoka Unguja nilimkuta Bi Hamda angali hai, mzee sana, kipofu wa jicho moja. Alikuwa akisikia mgeni tu, anageuza viganja chini, na mikono yake haina kitu, myeupe kama unga. Nilikuwa msichana, nikimcheka pembeni. Siwezi kukaa chuoni, wageni wako mbele, nikasikia mwanangu anasoma yale ya aliyekaa juu ya waya.

Hiyo ndiyo khabari. Unaniuliza kama wewe ni mtu wa nyumba yetu. Mimi ndiye ninayengoja jibu hilo kwako.

Bimdogo


Ibra, 12 Aprili 2024

Wifi,

Idi njema, ikiwa neno hilo linafaa kwako mwaka huu. Hud amekuja na kurudi, na kila akija mikono mitupu. Nimemuuliza kama anakuona. Anasema anauona mlango.

Nimetuma halua. Si kwa kununua moyo wako. Ni kwa sababu kila Idi naituma.

Chuo wameweka siku, mwanzo wa mwezi wa tano. Yazeed anauliza karatasi.

Bimdogo


Nizwa, 22 Aprili 2024

Wifi yangu Bimdogo,

Shikamoo. Halua imefika. Nimeila, na nyingine nimewapa majirani kama alivyokuwa akifanya Hamdun, kijiko kimoja kimoja, akijifanya bahili.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Kisha sikuweza kuandika Ramadhani nzima. Nilianza mara nyingi. Moja ilikuwa ya hasira, nzuri sana, ningeweza kuisoma mbele ya kadhi. Nikaichana. Nyingine ilikusamehe yote. Hiyo nayo nikaichana, kwa sababu ilikuwa ya uongo.

Nitakuambia nilivyo. Mchana naweza. Nikipika futari naweza. Lakini nikikumbuka ile barabara kutoka Sur, mimi nimekaa nyuma, simu ikilia masikioni mwangu bila kupokelewa, na yeye yuko mwisho wa mlio ule, anapumua, hapo siwezi. Sikuwa na maneno makubwa ya kumwambia. Ningemwambia tu kwamba nimemsikia anacheka, au ningemuuliza kama amekula. Lakini neno hilo lilikuwa langu, wifi, na ulilizima. Siwezi kusema hukulizima.

Tena nakumbuka kwamba ulinificha miezi hii yote, ukaniacha niombe radhi. Hilo linaniuma kuliko simu. Nilificha viganja mbele ya wanawake wa Nizwa kama mwizi, na wewe ulijua kwamba kitu kile nilichokuwa nakionea haya ndicho cha mwisho alichokitaka akisikie.

Sasa upande wa pili. Ulimshika wewe. Aliposema jina, alisema lako, na ulikuwapo kuitika. Peke yangu ningekuwa na nini? Ningekuwa na tanzia, na vigelegele chini yake, na aibu mpaka kufa. Wewe umenipa lile cheko dogo. Umenipa "Mafuta yameisha tena." Ungeweza kuyazika na hakuna ambaye angejua. Nayarudia peke yangu nikifua nguo. Juzi Khulood alinikuta natabasamu, akaogopa.

Kwa hiyo sijasamehe yote. Nimesamehe mpaka hapa nilipofika, na bado natembea. Nadhani unafahamu mwendo wangu, ni wa polepole.

Karatasi ninazituma kwa Hud, zimefungwa kwenye kile kitambaa kilichobaki. Zote zimo. Ukurasa wa Bi Hamda umo. Sikuutoa, na nakuomba usiutoe. Wifi, yule mama aligeuza viganja chini maisha yake yote kwa sababu hakuna aliyesimama mbele ya watu akasema, huyu hakukosa. Hamdun alikuwa amepanda gari kuja Ibra kwenda kulisema. Basi lisemwe. Yazeed alisome, hata kama Kiswahili chake ni cha kuokoteza, tena asilipite haraka. Na wewe ukae mbele, usikae nyuma. Akifika pale pa aliyekaa juu ya waya, utainamisha kichwa, najua. Inamisha. Hakuna atakayejua sababu ila sisi watatu, nami sitasema. Serikali ile haikuinamisha kichwa kwa ajili ya Bi Hamda. Ndiyo tofauti yenu, na kwangu si ndogo.

Hina yangu imeisha. Imebaki kwenye kucha tu, kama mwezi mwembamba, nayo inasogea kila siku. Sasa nikitoa kahawa sifichi mkono. Jana mama mmoja aliitazama. Nikamwambia, "Ilikuwa harusi ya Sur, mume wangu alinituma." Akasogeza kikombe chake. Mimi nikamimina.

Eda yangu inakwisha siku chache baada ya mazungumzo ya chuo. Wanawake watakuja kunitoa. Sina dada hapa Nizwa. Ningependa uje wewe unioshe mikono, na uje na hina ya Ibra, ile unayoichanganya na ndimu na mafuta ya karafuu, unipake mwenyewe. Utanitukana kwamba mikono yangu ni mikavu kama ya fundi wa Bahla, nami nitakutukana kwamba macho yako hayaoni tena mstari. Usipokuja nitaelewa. Lakini nitauacha mlango wazi, Hud auone.

Mimi kwenye chuo siwezi kufika, bado nimo ndani. Nitakaa hapa saa ile, na simu yangu nimemwambia Khulood airudishe. Iwe mezani, imewashwa. Usipige ikiwa hutaki.

Ila mkimtaja Bi Hamda mbele ya watu, nami mnikumbuke.

Wifi yako,
Ghanima